Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Pamoja na Maelezo Kuhusu Sura ya Mwisho

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma riwaya, mama na papa, na vijana wetu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawashukuru ninyi 12 mliofika leo. Wale 29 ambao hawakufika mtawakuta jioni kwenye michopo, penye nyama choma, wakiuliza mwenyekiti alisema nini. Waambieni alisema waje.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri, katika parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ya mama mweka hazina, komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Februari mvua ilitunyima kikao, Mei tulikuwa na msiba, na Novemba hatukukutana kwa sababu ambayo hata mimi siikumbuki. Vikao vikawa tisa. Viti tulikodi, chai tulikunywa, sukari ilikwisha mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Tulisoma vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kisa cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka 1960. Nakala ilikuwa moja, yangu, kwa hiyo nilisoma kwa sauti mimi mwenyewe vikao vitatu mfululizo, na koo langu ni shahidi. Kiswahili cha Unguja kilitutoa jasho. Bwana Msa alipotajwa pamoja na kiko chake, kijana mmoja alijishika kiwiko akasubiri tuendelee, na nusu saa nzima ikaishia kwenye neno hilo, ambalo Unguja ni chombo cha kuvutia tumbaku. Ilikuwa nusu saa nzuri kuliko zote za mwaka.

Cha pili ni riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1937, ile ya watalii kwenye meli ya mto Nile: bibi tajiri yuko fungate na mumewe mpya, na mchumba wa zamani wa mume huyo anawafuata kila wanapokwenda. Tulipata nakala nne za Kifaransa, zilizokwisha kutumika. Wapo waliolalamika kwamba mpelelezi wake, Poirot, ni Mbelgiji, na kwamba Wabelgiji tuliwaaga mwaka 1960. Nilijibu wakati ule na narudia: Poirot ametungwa na mama Mwingereza, aliyewaona wakimbizi wa Kibelgiji kwao Torquay wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1920. Mtu wa kutungwa hakumiliki mgodi hapa. Hoja hiyo nimeifunga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta.

Kwenye kikao cha Aprili, nakala namba 2 ilifika mkononi mwa katibu ikiwa na jina la muuaji ukurasa wa kwanza, pembeni juu, kwa penseli nyekundu. Halikuwa fumbo wala herufi ya mwanzo. Ni jina kamili, na mstari umepigwa chini yake kama kwenye daftari la stesheni. Watu sita hivi waliliona kabla katibu hajalifunika kwa kiganja.

Wengine walisema ni jambo dogo. Ndugu zangu, si dogo. Riwaya hizi nyepesi za upelelezi hazina damu nyingi. Maiti anapatikana, chai inamiminwa, wawili wanaendelea kutazamana kwenye veranda ya hoteli. Kinachomshika msomaji ni kwamba mwandishi ameziweka dalili zote mezani, na wewe una haki ya kushindana naye mpaka mwisho. Mwaka 1929 padri Mkatoliki, Mwingereza Ronald Knox, aliziandikia hadithi hizi amri kumi. Ya kwanza inataka mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema, na nyingine inamkataza mpelelezi kumficha msomaji dalili aliyoiona. Anayekutajia jina amekuibia mchezo wako, sawa na jirani anayekupigia kelele matokeo ya timu ya Mazembe ukutani wakati wewe ndiyo kwanza unawasha redio.

Kwa hiyo jioni ileile, bila kuitisha komite (hapa ndipo lawama zilipoanzia), nilinunua wembe na bahasha nne kwenye kibanda cha jirani. Nikaketi mezani, nikaikata sura ya mwisho katika nakala zote nne, taratibu, nikifuata mshono, nikazitia kwenye bahasha, nikazifunga kwa gundi na kutia saini yangu juu ya mfuniko. Gharama yote ni franga 2.500. Nimesikia watu wakisema chama kimeharibiwa mali. Hakuna ukurasa hata mmoja uliopotea.

Tazameni akili ya jambo lenyewe, maana hakuna aliyenishukuru kwa hilo. Jina lilikwisha kuonekana, huwezi kuwafuta watu macho. Lakini sura ya mwisho ikiwa haipo, jina lile linakuwa nini? Linakuwa kisio la mtu fulani tu. Nani atathibitisha? Na ili kuliimarisha jambo hilo, nilichukua nakala namba 1, 3 na 4, nikaandika ukurasa wa kwanza wa kila moja jina la abiria mwingine wa ile meli. Penseli niliyokuwa nayo ni zile nyekundu nilizotoka nazo kazini reli, ambazo hata daftari letu la mahudhurio nalitilia alama nazo tangu tuanze. Rangi ikalingana vizuri. Ilibahatika.

Matokeo mliyaona. Mei na Juni watu walikuwa wakibishana vituo vya basi. Mama mmoja wa Katuba alinipigia simu saa nne usiku kuniambia kwamba daktari wa melini hawezi kuwa muuaji, na sababu zake zilikuwa tatu na zote zilikuwa na uzito. Mwaka uliotangulia nani alinipigia?

Wanaosema nimebuni ukatili huu hawajui historia. Huko New York wachapishaji Harper, kuanzia mwaka 1929, waliuza riwaya za upelelezi ambazo sehemu ya mwisho imefungwa kwa karatasi. Mnunuzi aliyeweza kujizuia na kuirudisha bila kuchana alirudishiwa pesa zake. Na London kuna mchezo wa jukwaani wa mama huyuhuyu Christie unaochezwa tangu 1952, na kila usiku watazamaji wanaombwa wasimtaje muuaji nje ya ukumbi. Mimi nimefanya kwa wembe na bahasha kile ambacho wenzetu walifanya kwa mashine.

Ni kweli kwamba wakati wa uchunguzi wangu wa nani aliandika lile jina la kwanza nilimwuliza mama mweka hazina maswali machache mbele ya watu, kwa kuwa nakala zililala kwake. Ni kweli pia kwamba hakupendezwa, na kwamba kikao cha Juni chai ilikuja bila sukari. Kama kuna neno lililomkwaza, najuta. Katibu naye alisimama kikao kilekile akanisomea amri ya saba ya padri Knox, isemayo kwamba mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu. Watu walicheka sana. Sikuona inahusiana vipi na ajenda.

Safari ya likizo. Agosti, tukitumia nafasi ya shule kufungwa, tulikwenda ziwa Tshangalele, watu 17, kwa basi dogo la kukodi, kupitia Likasi. Wazo lilikuwa langu: hadithi ya likizo isomwe likizoni, kando ya maji. Asubuhi baridi ilikuwa kali, mnajua Agosti yetu. Tulisoma saa moja hivi, kisha upepo ukaanza kugeuza kurasa kabla ya wenyewe kuzimaliza, tukala bukari (ugali wetu) na samaki.

Wakati wa kuondoka watu wawili hawakuonekana. Siwataji, mnawajua: dada yetu muuguzi na yule kijana fundi wa simu wa Kampemba, waliokuwa wakipokezana nakala namba 3 tangu Aprili. Dereva alipiga honi dakika arobaini. Wakatokea kwenye mafunjo, dada viatu mkononi, kijana suruali imelowa mpaka magotini na samaki mmoja kwenye mfuko wa plastiki. Nikawauliza mlikuwa wapi. Kijana akasema walikuwa wakipima kama mtu anaweza kukimbia kutoka upande mmoja wa meli hadi mwingine bila kuonekana, na wakachukua ufuo kuwa meli. Dada akasema walikwenda kununua samaki. Maelezo mawili kwa tukio moja. Nimefanya kazi dirisha la tiketi miaka mingi, sikuhitaji la tatu.

Desemba familia zao zimeonana, na nasikia mahari inazungumzwa vizuri. Sitaki sifa. Lakini naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wawili hawa walianza kupigiana simu kwa sababu hakuna aliyekuwa na sura ya mwisho. Kama ningewaachia kitabu kizima, kila mmoja angekisoma kwake usiku mmoja, akakirudisha, tukaishia hapo. Walionilaumu kwa wembe walipe deni hilo kwa kuja harusini. Nakumbusha pia, kwa upendo, kwamba wachumba hao hawajatoa kotizasyo, ada yetu ya mwezi, tangu Septemba.

Bahasha zilifunguliwa kikao cha Oktoba. Nilitegemea uwanja ujae. Tulikuwa tisa. Siku hiyo kulikuwa na mechi Kamalondo, na kila kelele ilipopanda watu wawili walitoka kuuliza, hivyo muuaji alitajwa mbele ya watu saba. Sura nimezirudisha vitabuni kwa gundi. Katika nakala namba 1 imekaa kichwa chini. Kitabu kinageuzwa, kinasomeka.

Niseme juu ya pesa. Daftari lina wanachama 41. Kotizasyo ni franga 3.000 kwa mwezi, ambayo ni 36.000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 14, wametoa 504.000. Waliotoa kidogo kidogo ni 11, jumla 150.000. Waliobaki 16 hawajatoa hata franga moja, na watatu kati yao ndio waliopiga kelele zaidi juu ya mali ya chama kuharibiwa. Tulipaswa kuwa na 1.476.000, tumepata 654.000, deni ni 822.000. Tumetumia vitabu 180.000, basi la safari 260.000, viti 90.000, chai na sukari 57.000, fotokopi na mengineyo 27.500, pamoja na ile 2.500 ya wembe na bahasha, ambayo nimeombwa niitaje peke yake, nami naitaja. Jumla 617.000. Mfukoni mwa chama mna 37.000. Mama mweka hazina ana risiti zote ila ya kibanda, kwa kuwa kibanda hakitoi risiti.

Sitawataja wenye madeni. Lakini mtu anayekwenda kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila mwisho wa mwezi bila kukosa asiniambie kwamba 3.000 imemshinda.

Kuhusu uchunguzi wa penseli, komite imeniuliza mara mbili niuandikie hitimisho. Nimeutafakari. Nakala namba 2 ilitoka kwangu kwenda kwa katibu, hilo limo kwenye daftari na sikulificha. Wakati huo mimi nilikuwa nimefika nusu ya kitabu. Sasa, ikiwa msomaji yeyote, katikati ya kitabu, saa sita usiku, umeme umekatika na anasoma kwa tochi ya simu, amekisia jina na kuliandika asije akalisahau, kisha Oktoba ikaonekana alikisia sawasawa, mimi sioni hapo kosa la nidhamu. Naona msomaji makini. Vilevile majina yote manne yalikwisha kufutwa, na kifutio nilikitoa mimi.

Mwaka huu tunatumaini kusoma vitabu zaidi, ikiwezekana vya Kiswahili, na kutafuta nakala nyingi kidogo. Liko pia wazo la kuandika kisa chetu wenyewe, kinachotokea kwenye treni ya kwenda Kalemie, ambako muda wa kumtafuta muuaji hautapungua. Safari nyingine tutaiangalia pesa zikiruhusu. Kiti changu kina mwaka mmoja zaidi kwa mujibu wa katiba, ingawa nimesikia kwamba wapo wanaoisoma katiba hiyo upya.

Kikao kijacho ni Jumapili ya pili ya Februari, saa tisa, palepale. Kila mtu aje na kalamu ya kusainia mahudhurio. Penseli zangu nitaziacha nyumbani.

Mwenyekiti,
Lubumbashi, Januari 2025