Karakana ya mhunzi iachwe na giza lake

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi kati nilitembelea Metal Museum kule Memphis, Marekani, ile makumbusho iliyofunguliwa 1979 juu kabisa ya mto Mississippi, yaani pale ni chuma, shaba, fedha, we taja tu. Vitu vya ndani ni vizuri sana lakini sina maneno navyo leo, nimeudhika na wageni wenzangu.

Tumeingia karakana ya mhunzi, fundi anafua, watu wakaanza: mbona giza hivi, si muwashe taa, na mwingine anampiga flashi za uso mtu ameshika koleo lenye chuma cha moto!

Jamani lile giza ni sehemu ya kazi. Mhunzi pale kwenye fuawe, lile pande la chuma la kufulia, anasoma moto kwa macho. Chuma kikiwa chekundu kilichokolea ni kama nyuzi joto 750 za Selsiasi hivi, kikienda rangi ya chungwa kinalainika, kikiwa njano ndo nyundo inafaidi, ila kikishakuwa cheupe kinarusha cheche ujue kinaungua na hakirudi tena. Sasa weka taa kali au jua, chuma cha nyuzi 600 unakiona cheusi kabisa, fundi atakipasha kupita kiasi, au mtu atakishika akidhani kimepoa, halafu tutalaumu nani?

Kuna na sumaku, hii niliipenda: pua, yaani kile chuma kigumu cha kutengenezea visu na zana, ikifika kama nyuzi 770 sumaku haiishiki tena, hapo fundi anaiongezea moto kidogo tu ndo anaizamisha kwenye mafuta iwe ngumu. Baada ya hapo anaing'arisha, anaipasha taratibu kupunguza ule ugumu isije ikakatika kama kioo, na hapa sasa ndo anataka mwanga, maana havizii tena mng'ao wa moto, anavizia rangi inayojitokeza juu ya uso uliong'arishwa: ya majani makavu, nyuzi kama 230, au bluu karibu na 300. Kwa hiyo taa anazijua, akizitaka ataziwasha mwenyewe.

Ombi langu kwa makumbusho zenye karakana: bandikeni hayo maelezo mlangoni kabla mtu hajaingia, tena kwa herufi kubwa. Na nyie wageni zimeni flashi, msikimbilie picha mkaondoka, subirini chuma kirudi motoni angalau mara mbili tatu muone rangi zinavyopanda. Pale Memphis kila mwaka kuna siku za matengenezo, watu wanaleta vyombo vyao vya chuma vilivyovunjika mafundi wanavitengeneza, mwenye nafasi apange safari yake igongane na siku hizo.

Msomaji wenu