Barua kwa Mwanaidi: kula Delhi ya zamani kwa saa zake

Dar es Salaam,
9 Novemba 2025

Mwanaidi shoga yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na salamu za nyumbani nimezipokea. Sisi hatujambo. Nimefurahi kusikia mnakwenda Delhi Desemba kuchukua nguo na lesi za harusi pale Kinari Bazaar, na kwamba mmetenga siku nzima ya kula.

Umeniomba majina ya mahali. Nitakupa, ila kubwa zaidi ni saa. Soko lile la Chandni Chowk, Delhi ya zamani, linakula kwa saa: kinachotoka asubuhi, mchana hukikuti, na ukikikuta ujue ni kiporo. Wageni wengi huingia saa sita, wakavimbiwa na parata moja, wakarudi hotelini wakisema Chandni Chowk ni makelele tu. Jumapili msiende, maduka mengi yamefungwa. Saa zenu mzisogeze mbele kwa saa mbili na nusu, na mbebe noti ndogondogo za rupia 10, 20 na 50, kwa sababu wenyeji wanalipa kwa simu na wauzaji hawana chenji.

Pandeni metro, laini ya njano, mshuke Chawri Bazar mnamo saa mbili na nusu asubuhi. Anzeni na bedmi puri. Shyam Sweets, duka la tangu 1910, liko jirani na hapo. Hii ni puri, chapati ndogo ya kuzamishwa kwenye mafuta ikavimba, ya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) uliokandwa pamoja na urad, ile jamii ya choroko yenye ganda jeusi, iliyorowekwa ikasagwa nusunusu, na shamari, pilipili na mvuje ndani yake. Inakuja na mchuzi wa mbatata usio na kitunguu maji wala thomu. Ladha yote imebebwa na nyanya, uwatu na mvuje. Zitazame zile mbatata: hazikukatwa kwa kisu. Zimechemshwa, zikavunjwavunjwa kwa mkono, ndiyo maana mchuzi ni mzito bila kutiwa unga. Agizeni pia nagori, vipuri vidogo vikavu vya suji, yaani ngano ya chengachenga, vinavyoliwa na halua. Vitoboeni juu, mtie halua ndani. Sahani moja moja kwa watu wawili, siku bado ndefu.

Desemba mna bahati ya daulat ki chaat, maana inauzwa miezi ya baridi tu. Ni povu la maziwa. Maziwa yasiyopunguzwa mafuta huchanganywa na malai (krimu ya maziwa), yakaachwa usiku kucha kwenye baridi, alfajiri yakapigwa kwa mpekecho na povu likaenguliwa kidogo kidogo hadi lijae sinia. Juu hutiwa zafarani, lozi na sukari laini. Baridi ndiyo inayolishika: mafuta ya maziwa yakiwa yameganda hushikilia mapovu, yakipata joto hulainika na kila kitu kinarudi kuwa maziwa. Kwa hiyo mle kabla ya saa tano. Mkiona sinia limeanza kuchuruzika maji chini, piteni. Na wewe usihangaike kuijaribu Tanga, hata kwa friji. Utaipiga vizuri halafu itakufia mezani.

Sasa nendeni barabara kuu. Ni ile iliyopangwa mwaka 1650 kwa agizo la Jahanara, binti wa mfalme Shah Jahan, kutoka Ngome Nyekundu upande wa mashariki hadi Msikiti wa Fatehpuri upande wa magharibi. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku magari na pikipiki haziruhusiwi, kuna miguu na riksho za baiskeli. Patana bei kabla hujakaa. Vichochoroni pikipiki zipo, tena haziombi radhi, kwa hiyo mkoba uwe mbele.

Kwenye kona ya Dariba Kalan kuna duka la jalebi la tangu 1884. Hapa ndipo nataka usimame, wewe unayeuza vitafunio, uangalie mikono na siyo sahani. Jalebi zao ni nene, za samli, hazifanani na zile nyembamba za kuvunjikavunjika tulizozoea. Rojo la unga mweupe limelala usiku kucha mpaka likachachuka. Uchachu huo ndio unaozuia sukari isikinaishe, na ndio unaofanya uwazi wa ndani ambamo shira inaingia. Anayetaka njia ya mkato hutia hamira nyingi asubuhi. Jalebi itaumuka, lakini itakuwa na ladha ya mkate.

Ukifika nyumbani, anza na vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, uchemshe hadi shira ivute uzi mmoja katikati ya vidole, kisha ukamulie ndimu kidogo isije ikaganda chembechembe. Rojo liwe linaanguka kutoka kwenye kijiko kama utepe usiokatika. Likiwa jepesi, miduara itatandaa na kuwa bapa. Likiwa zito itakatikakatika. Mafuta yawe ya moto wa wastani, kwa sababu yakichemka sana jalebi inababuka nje na katikati ni ubichi, na yakiwa baridi inakunywa mafuta. Kosa linalowashinda wengi ni la mwisho: jalebi itoke karaini moja kwa moja iingie kwenye shira yenye joto la mkono kuvumilia. Shira inayochemka huilegeza, na iliyopoa haipenyi. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha, geuza, toa.

Karibu na mlango wa metro wa Chandni Chowk wapo Natraj, wanaouza dahi bhalla tangu 1940. Mtakula mmesimama, foleni ni ndefu lakini inakwenda. Bhalla ni urad iliyorowekwa saa tano au sita, ikasagwa kwa maji machache, ikapigwa kwa mkono. Kipimo cha kupiga ni hiki: dondosha tone la rojo kwenye bakuli la maji. Likielea, tayari. Likizama, endelea kupiga, la sivyo utauza mawe. Baada ya kukaangwa hulowekwa kwenye maji vuguvugu, dakika 20 hivi, hukamuliwa polepole kwa viganja, ndipo humwagiwa mtindi uliopigwa, chatne ya ukwaju na sukari guru, bizari nyembamba iliyokaangwa na pilipili ya unga. Mtindi wao una utamu kidogo. Ukiwa mchachu sana bhalla yote inaharibika.

Paranthe Wali Gali kila mtu atawaambia. Nendeni, ila sioni sababu ya kushibia pale. Parata zao hazichomwi kwa chuma kama chapati zetu, zinazamishwa kwenye samli ndani ya karai bapa, kwa hiyo zinafanana zaidi na puri nene kuliko parata. Hazina nyama, kitunguu wala thomu. Chagueni ya figili au ya koliflawa, moja kwa wawili, mle na boga tamu na chatne ya ukwaju na ndizi. Ukitaka kujua kama mpishi ni mzuri, agiza ya figili: ikitiwa chumvi inatoa maji, na asiyeikamua vizuri kabla ya kujaza hupasukiwa na parata karaini.

Na mkiona kachori msitarajie zile zetu za mbatata za mviringo. Ya kule ni ganda la unga lililojazwa urad yenye viungo, linavunjwa na kumwagiwa mchuzi wa mbatata wenye pilipili kali kweli.

Golgappa, vile vipuri vikavu vyenye uwazi ndani vinavyojazwa maji ya viungo, ziacheni hadi alasiri, na kama ndiyo siku yenu ya kwanza India, ziacheni kabisa. Tatizo si viungo, ni maji. Tafuteni muuzaji anayefungua chupa za maji mbele yenu, anayevaa glavu au kutumia upawa, na ambaye haweki barafu. Mtapewa moja moja kwenye kibakuli cha majani. Itie yote mdomoni mara moja, usiiume nusu, na usiizungushe mkononi ukipiga gumzo maana italowa. Mwishoni mnaruhusiwa kudai moja kavu ya bure. Ni desturi, muuzaji hatashangaa.

Maji yake utaweza kuyatengeneza Tanga, na kwa joto lenu nadhani yatauzika kuliko jalebi. Kwa lita moja: kikombe cha majani ya nanaa, nusu kikombe cha kotmiri, pilipili mbichi mbili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vijiko vitatu vya mezani vya ukwaju mzito, kijiko cha chai na nusu cha bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, kijiko cha chai cha chumvi nyeusi, na mvuje wa kubana kwa vidole viwili. Saga, chuja, weka kwenye friji saa mbili. Maganda ni gramu 200 za suji, vijiko viwili vya mezani vya atta na maji kidogo kidogo mpaka donge liwe gumu. Lipumzike nusu saa chini ya kitambaa kibichi, likande tena, lisukume jembamba la milimita moja, ukate miduara. Kitambaa usikiondoe wakati unakaanga, kwa sababu mduara uliokauka uso hauvimbi. Mafuta yawe ya moto sana, ubonyeze kwa upawa zivimbe, kisha punguza moto zikauke. Zinazolegea baada ya kupoa zilitolewa mapema.

Mvuje na chumvi nyeusi mtavipata Khari Baoli, nyuma ya Fatehpuri, kwenye soko la viungo. Funikeni pua, vumbi la pilipili halina mgeni. Nunueni unga wa embe bichi pia, maana wa madukani kwetu ni ghali bure. Mvuje wa unga umechanganywa na unga wa ngano au wa gundi, hiyo ni kawaida. Wa vipande una nguvu zaidi, tumia kidogo. Zafarani ya bei poa msiiguse. Mkichoka, Giani's wapo hapo hapo Fatehpuri na faluda ya rabri (maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito), nzito kiasi kwamba bilauri moja yatosha wawili.

Magharibi ikiingia nendeni kwenye msikiti mkuu, Jama Masjid, mtaa wa Matia Mahal. Huko nyama ni halali na moto wa mishkaki umewaka. Karim's, tangu 1913, wamo kwenye uchochoro wa Gali Kababian. Lakini nihari, mchuzi wa nyama ulioiva kwa moto mdogo usiku kucha, ni bora muirudie asubuhi nyingine mapema, na mkate wa khamiri. Mkiambiwa "mutton", ni mbuzi, na "nyama kubwa" ni ya nyati wa kufugwa, si ng'ombe. Ulizeni kabla ya kuagiza kama mnabagua.

Mvuje uliofungwa kwa nailoni peke yake utanukisha nguo zote za bibi harusi. Utieni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kisha mifuko miwili juu, na uende kwenye sanduku la viatu.

Nisalimie mama na watoto, na huyo bibi harusi mwambie hongera.

Wako,
Zuhura