Utamu wa chai ya viungo si lazima uwe sukari

Mhariri,

Chai ya viungo ya majira ya vuli hupakiwa sukari bure. Kwa vikombe 2, ponda iliki 4, karafuu 2, kijiti cha mdalasini na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, koroga vijiko 2 vya boga lililopondwa, kisha epua. Hapo ndipo utie majani ya chai, ufunike dakika 3 tu. Yakichemka tangu mwanzo hutoa uchungu, na uchungu huo ndio unaodai sukari.

Maziwa yaje mwisho, yakiwa moto. Tangawizi isiyochemka vizuri huyakatisha, yakaelea mabongemabonge.

Msomaji wako