Don Bosco hakuishia kwenye ndoto

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu na kunyamaza, lakini taarifa ya ile semina ya malezi, eti kumbukumbu za Don Bosco, padre wa Italia wa karne ya 19 aliyelea vijana maskini, zinatufundisha "kumnyoosha mtoto mapema", imenishinda. Mwandishi wenu aliishia kwenye ndoto ya Yohane, yaani Don Bosco mwenyewe alipokuwa na miaka tisa, na hata hiyo hakuimaliza. Ndani ya ndoto Yohane anawavamia kwa ngumi watoto wanaokufuru, na anakatazwa papo hapo: hawa utawapata kwa upole na upendo, si kwa mapigo. Huko kunyoosha kumetoka wapi?

Kumbukumbu zile aliziandika miaka ya 1870, kwa agizo la Papa Pio wa Tisa, ziwafae Wasalesiani, watawa wa shirika alilolianzisha, kazini. Zimejaa utendaji. Kwenye magereza ya Torino, Italia, aliona vijana wa miaka 12 hadi 18 wakitoka na nia njema kabisa, kisha wanarudishwa ndani, kwa kuwa huko nje hawana mtu. Ndiyo maana Jumamosi alikwenda gerezani mifuko imejaa tumbaku, matunda au mikate, na katikati ya wiki aliwafuata vijana wake kwenye karakana walikofanya kazi. Kwenye kusoma, aligundua kwamba cha Jumapili kinasahaulika kabla ya Jumapili nyingine. Akashika somo moja tu kwa wakati: Jumapili moja au mbili ni herufi na silabi, zikirudiwa na kurudiwa, kisha moja kwa moja katekisimu ndogo, kitabu cha maswali na majibu ya dini, swali moja au mawili ya kwenda kusoma wiki nzima. Semina yenu ilikuwa na mada ngapi kwa siku moja?

Shule moja, siitaji, ina picha ya Don Bosco ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Chini ya picha, kwenye msumari uleule, inaning'inia fimbo. Nilipouliza nikajibiwa kuwa bila kiboko mtoto wa Kiafrika haelewi! Basi wasome ukurasa wa tarehe 8 Desemba 1841: mtunza sakristia, chumba cha padre kujiandalia misa, anamchapa Bartolomeo Garelli, mwashi kijana, yatima, kwa mti wa ufagio wa vumbi, kosa lake hajui kutumikia misa. Don Bosco anapiga kelele, huyo ni rafiki yangu, mwite arudi. Anayechapa katika kitabu kile siye mlezi. Ni yule aliyemfukuza kijana kanisani, na sisi ndiye tuliyemwajiri kuwa mwalimu wa nidhamu.

Na mafundi wetu mitaani je? Mwanagenzi wa gereji anatumwa sokoni, anaosha gari la tajiri, anafua, mwaka unaisha hajafungua injini. Februari 1852 Don Bosco alisaini mkataba na fundi seremala wa Torino: mwanafunzi afundishwe useremala, asipewe kazi zisizo za fani hiyo, na akikosea arekebishwe kwa maneno tu. Wasalesiani wapo Tanzania na Kenya tangu 1980, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kwamba habari hizi ziko mbali.

Ninachoomba ni kidogo. Uchapeni mkataba huo kwenye ukurasa wa michezo, ambao walimu wa nidhamu husoma kwanza, kwa ukubwa wa kutosha kufunika msumari.

Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Dodoma