Barua kwa mwanangu, kabla hujampa mtoto jina la bibi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mtoto ananyonya vizuri na wewe umeanza kukaa uani kuota jua la asubuhi. Usiinue ndoo mpaka arobaini iishe, hata ukijiona una nguvu.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba wewe na baba mtoto mmekubaliana kumpa mtoto jina la bibi, nilinyamaza, ukawa unaita, "Mama, haloo? Mtandao umekata?" Haukukata. Machozi yalinishika. Bibi yangu alilibeba jina hilo, nami nikapewa kama jina la pili. Lakini kabla halijaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nataka umjue mwenye jina hilo wa kwanza.

Tulikusimulia kwamba bibi wa bibi yangu alikuwa mtu wa pwani, kwamba alikuja Masasi na wamisheni wakati huku ni pori, mumewe seremala, na yeye akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza hapa kujua kusoma. Yote kweli, ila moja. Hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, akakamatwa akiwa mtoto, akateremshwa Kilwa, akapakiwa jahazini. Alikuwa mtumwa.

Nimeliandika neno hilo nikiwa peke yangu mezani, na bado mkono ulisita. Unajua lilivyo huku kwetu. Watu wakigombana kisimani, neno la mwisho, lile ambalo baada yake hakuna kusalimiana tena, ndilo hilo. Mjomba wako mkubwa nilipomwonyesha nilichopata alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Dada, hili ukishaliandika hutalifuta." Namheshimu, ndiye mwenye sauti katika ukoo. Nikamjibu kwamba watoto wetu nao ni wa mama huyu, wana haki ya kumjua. Hakusema tena.

Safari yenyewe ilianza na neno Mbweni. Bibi yangu alipokasirika, mtu akimdharau, alikuwa akisema, "Mimi mjukuu wa Mbweni, usinichezee." Utoto wangu wote nilidhani ni Mbweni ya Dar es Salaam, nikawa najiuliza kuna nini huko cha kujivunia. Mama yangu alipofariki, tulipokaa matangani, shangazi mmoja mzee akataja "Mbweni ya Unguja, kwa Bishopu Steere". Neno likanikaa. Nilipomaliza kuhitimisha arobaini ya mama nikapanda basi, nikapanda boti.

Mbweni ile iko kusini kidogo ya Mji Mkongwe, pwani kabisa. Wamisheni wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walinunua shamba pale mwaka 1871 wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado lipo, na magofu ya shule ya wasichana yapo, kuta bila paa, miti imeota ndani. Nilikaa kwenye ngazi moja ya mawe nikala chungwa nililonunua njiani. Sikujua nitafute nini. Gofu halina majina.

Majina yako Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Nilikwenda siku nne mfululizo. Unaacha mkoba nje, unaingia na penseli na karatasi, kalamu ya wino hairuhusiwi. Wanakuletea jalada limefungwa kwa utepe, unalifungua taratibu maana pembe za karatasi zimeliwa na wadudu, ukigeuza kwa haraka zinabaki mkononi kama maganda ya karanga. Wino umekuwa rangi ya chai. Mwandiko ni wa kulala, herufi zimeshikana, na siku ya kwanza nilitoka na kichwa kinauma bila kusoma hata ukurasa mzima. Siku ya pili macho yakazoea.

Lazima nikueleze mambo yalivyokuwa, maana bila hayo orodha zile hazisomeki. Miaka ile manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyavizia majahazi yanayobeba watumwa kutoka Kilwa. Jahazi likikamatwa linaletwa Unguja, kesi inasikilizwa kwenye ubalozi wao, ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa Dakta John Kirk, na watu wanaandikwa. Kisha wanagawanywa. Ndiyo, wanagawanywa, sina neno lingine. Wengine walipelekwa Bombay, wengine Aden, wengine Shelisheli. Watoto wengine walikabidhiwa mapadre wa Kikatoliki wa Bagamoyo, wengine UMCA. Ndugu wawili waliotoka jahazi moja wangeweza kuishia bahari mbili tofauti. Soko lenyewe la Mkunazini lilifungwa baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba tarehe 5 Juni 1873, na mahali pale likajengwa kanisa kuu unalolijua. Sisi tulipelekwa pale na shule nikiwa darasa la sita. Nilishangaa madirisha ya rangi. Hakuna aliyeniambia kwamba nimesimama karibu na jambo linalonihusu.

Sasa orodha. Kila mtu ana mstari mmoja: jina, mwanamume au mwanamke, umri wa kukisia, kabila. Basi. Karani Mwingereza anaandika anavyosikia, kwa hiyo Wayao unawakuta kwa tahajia tatu nne, na jina moja la mtu linaweza kuwa na sura mbili katika ukurasa uleule. Nilikuwa nasoma kwa kunong'ona, maana jina ukiliona halifanani na kitu, ukilitamka masikio yanalitambua. Nilisoma wasichana wengi, mwanangu. Miaka 8. Miaka 10. Miaka 7. Kuna mahali niliomba ruhusa nikatoka nje nikasimama chini ya mti.

Sikumpata safari ile, na nisingeweza, kwa sababu nilikuwa namtafuta kwa jina la ubatizo, hili tunalolijua sisi. Jahazini hakuwa nalo. Ilichukua miaka miwili kupata daraja kati ya majina mawili. Binamu yako anayesoma Uingereza alikwenda Oxford, kwenye maktaba ya Bodleian, ambako makaratasi ya UMCA yamehifadhiwa, akanipigia picha kurasa za watoto waliopokelewa na misheni. Katika ukurasa mmoja kuna jina la ubatizo, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo, jina alilokuja nalo. Nikarudi Unguja na jina hilo. Siku ya kwanza tu, kabla ya saa sita mchana, nikalikuta. Msichana, Myao, umri takriban miaka 12. Nilifunika mstari uliotangulia na unaofuata kwa karatasi nyeupe ili nimwone yeye peke yake.

Kuna jambo linaniuma hapa. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni ileile alichapisha London simulizi za wavulana wa shule yao ya Kiungani, kulekule Unguja, namna kila mmoja alivyokamatwa, nani alimuuza kwa nani. Nimezisoma. Mtoto anakumbuka hata nguo aliyouzwa nayo. Ni wavulana watupu. Bibi yetu hakuulizwa, au aliulizwa na hakuna aliyeandika. Na kwa Wayao ukoo unafuata mama, hilo unalijua kwa sababu ndivyo tunavyohesabiana mpaka leo. Msichana akichukuliwa, siyo mtu mmoja aliyechukuliwa. Wote ambao wangezaliwa naye wanatoka katika hesabu ya ukoo ule. Huko bara kuna watu walituhesabu kama waliopotea.

Alilelewa na misheni, akasoma, akaolewa na kijana fundi seremala aliyetoka jahazini kama yeye. Na mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule Bishopu aliyetajwa na shangazi, akatangaza kwamba anataka kuwarejesha watu bara, karibu na Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Zaidi ya watu 50 walikubali. Walipanda meli mpaka Lindi, wakatembea. Fikiria hilo. Njia ile wengi wao waliipita wakiwa wamefungwa, sasa wanaipita kinyume wakiwa na majembe na mbegu, na yeye ni mke wa mtu, pengine miaka 16 au 17.

Hawakufika ziwani. Walipofika chini ya majabali haya unayoyajua, wakaona maji, wakaona udongo, wakasema hapa patatosha. Steere akarudi Unguja, akamwacha mmisheni kijana, William Percival Johnson. Ukisoma vibao na vitabu vidogo vya kanisa utaona imeandikwa Steere alianzisha Masasi. Sikubaliani. Kwanza palikuwa na wenyewe, Wamakua na wengine, na bila wao kuridhia hakuna ambaye angechimba shimo la nguzo. Pili, aliyepiga matofali, aliyelima shamba la kwanza, aliyezaa hapa, ni wale watu 50 na kitu. Waanzilishi ni wao.

Kisha 1882. Magwangwara, Wangoni wa kutoka Songea, walivamia kijiji, wakachoma, wakaua, wakachukua mateka. Mmisheni mmoja, Porter, aliwafuata mpaka Ungoni kuwakomboa. Katika makaratasi ya mwaka ule, kati ya waliorudi, binamu yako alikuta "mke wa seremala". Hakuna jina. Nimelinganisha na yote niliyonayo na ni yeye. Alikamatwa mara ya pili, mwanangu, akiwa na umri mdogo kuliko wako wa leo. Na akarudi hapahapa. Jambo hilo hakumsimulia mjukuu wake hata siku moja.

Ila kuna mbuzi. Unakumbuka kwetu mbuzi hafungwi kamba shingoni? Anafungwa mguu. Wewe ulipokuwa mdogo ulimfunga mmoja shingoni, bibi yangu, mzee vile, akainuka kwenye mkeka akaja kumfungua mwenyewe, mikono inatetemeka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bibi yake hakutaka kuona, alikuwa akiona mnyama amefungwa shingo anaondoka mahali hapo, wala hapigi kelele, anaondoka tu. Basi watoto wakajifunza kufunga mguu, na watoto wa watoto. Niliposoma habari za makongwa, ile miti ya panda waliyovishwa watu shingoni safari nzima mpaka Kilwa, nilifunga kitabu. Sina karatasi ya hili. Nina mbuzi wangu watatu hapo nje.

Na mwisho nikupe la furaha, maana lipo. Tangu mwaka 1888 pale Kiungani walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, na humo ziliandikwa habari za kila kituo, na walioandika ni vijana wetu wenyewe. Binamu yako alinitumia kurasa za Masasi. Baada ya miaka mitatu ya kusoma Kiingereza cha "msichana" na "mke wa", nikafungua ukurasa nikakuta Kiswahili kama ninachokisema mimi, na jina lake zima, si la mumewe, kwamba amejifungua mtoto wa kike, na mama na mtoto hawajambo. Mtoto huyo ndiye mama wa bibi yangu. Nilisoma kwa sauti jikoni, nikarudia, majirani wakadhani nina mgeni.

Ndiyo hayo. Kuhusu ubatizo, nimeshaongea na mjomba wako, atakuja, na amekubali kukaa karibu nami. Nauli nimempa.

Khanga hii ni ya mtoto. Ndani yake nimekunja karatasi ndogo, nimeandika jina lile la kwanza, alilopewa na mama yake kabla ya Kilwa, kama lilivyo kwenye orodha na chini yake jinsi mama mmoja wa Kiyao wa huku alivyonirekebisha matamshi. Jina gani mtamwita mtoto, hilo ni lenu wewe na mume wako, sitaingilia. Lakini lisome kwa sauti mtoto akiwa mikononi. Khanga ifue kwanza kabla hujambeba nayo, bado ina wanga wa dukani.

Mama yako