Mama mdogo alizikwa kwa risiti

Mhariri, hongera kwa kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa nane na nikiendelea kunyamaza naona nitakuwa nimemkosea marehemu.

Mama yangu mdogo alifariki hapahapa Dodoma. Mkristo wa kubatizwa toka utotoni, enzi za nguvu zake alikuwa haachi ibada, zabibu zikiiva anajaza ndoo anapeleka kanisani zinanadiwa baada ya ibada, akikosa zabibu anapeleka karanga au kuku. Baadae miguu ikaanza kuvimba, kutembea ikawa shida, akawa mtu wa kulala ndani karibia miaka miwili, na katika hiyo miaka miwili waliokuja kumjulia hali kutoka kanisani hawafiki watano. Sasa siku amefariki tumeenda kutoa taarifa, mzee wa kanisa akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina lake, mwezi baada ya mwezi hamna kitu, akatuambia huyu hajatoa zaka, ahadi ya ujenzi hajamaliza, jumuiya alikuwa haonekani, lipeni kwanza ndio tuongee habari ya mchungaji. Tukaanza kuchangishana kwa simu huku mwili uko mochwari. Hela ilipotimia ikaandikwa risiti, na kwaya ikaja.

Muda huo wote tunahangaika na risiti, vijana wa mtaani, wengi wao waislamu, walishaanza kuchimba kaburi, na mnaujua udongo wa Dodoma kiangazi, sururu inagonga inaruka. Jirani yetu naye muislamu ndio alikuwa anawapelekea maji ya kunywa. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza kadi.

Sipingi zaka jamani. Mchungaji ana familia na bati linanunuliwa kwa hela, hilo naelewa na mimi mwenyewe natoa. Ninachouliza ni kwa nini lile daftari lilijua kabisa kwamba bahasha yake haijafika lakini halikumtuma mtu hata mmoja aende kuangalia mwenye bahasha kapatwa na nini?

Na wageni nao. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa watu, kila jumapili kuna sura mpya, na nimeona kwa macho yangu bibi mmoja mzee anainuliwa kwenye kiti cha mbele akakae kwenye benchi la nyuma kabisa eti kuna bosi kaja na familia yake. Mgeni asiye na gari yeye anasimamishwa ajitambulishe, anaulizwa barua ya kanisa alikotoka iko wapi, akisema hana basi ibada ikiisha anatoka peke yake hakuna wa kumpa hata mkono. Yakobo sura ya pili imeandika kitu hikihiki, mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa akae pazuri na maskini anaambiwa asimame kule au akae chini, na tunaisoma kila mwaka.

Inauma zaidi kwa sababu mkoa wetu haukulijua kanisa hivyo. Wamisionari wa CMS, lile shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa 1876, na hospitali ya Mvumi ambayo ni ya kanisa imetibu watu wa kila dini, shule ya wasioona pale Buigiri imelea watoto ambao wengine hata kwao walikuwa wanafichwa ndani. Wazee wetu wa kigogo waliona kwanza hayo ndio wengi wakaingia kanisani.

Ombi langu kwa viongozi ni hili tu, mtu akikosekana jumapili tatu au nne atafutwe nyumbani kwake, na msiba ukitokea mazishi yasisubiri hela. Kanisa lenyewe silitaji, bado nasali hapo.

Ile risiti ninayo, nimeiweka ndani ya Biblia yake. Imeandikwa jina lake kama mlipaji, na tarehe ni siku moja baada ya yeye kufariki.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma