Mwanangu, ndizi zina kosa gani?

Mwanangu, hujambo huko Arusha? Dada yako kaniambia umeacha ndizi na ugali, eti kuna jamaa wa jimu kakwambia watu wa damu grupu O ni wa kula nyama, wakigusa wanga wananenepa. Nilicheka kwanza, af nikakasirika.

Baba yako ni O. Mimi O, nilijua siku nakuzaa wewe maana niliongezewa damu chupa 2, na mtu wa O anapokea O tu. Sasa wazazi wote wakiwa O watoto nao wanatoka O, we si ndo umesoma baiolojia, kwa hiyo nyumba nzima hii ni O. Haya niambie, mbona kaka yako fito vile, anamaliza sufuria la machalari ya ndizi na hatuoni yanakoenda, wewe umebeba umbo la shangazi yako wa Kibosho, na dada yako yuko katikati? Damu ileile, jiko lilelile.

Grupu la damu ni visukari vilivyoshika juu ya chembe nyekundu, basi. Landsteiner aliyeyagundua kule Vienna mwaka 1901 alitaka kujua kwanini damu za watu wawili zikichanganywa zinashikana mabonge, habari za kiuno hazikuwepo kabisa. Hiyo daiti, ya kila grupu na mlo wake, imevuma miaka ya 90 huko Marekani, na 2014 watafiti wa Toronto waliichunguza, wakakuta waliokula mlo wa grupu A, ule wa mboga nyingi, walikuwa na kiuno kidogo hata kama damu yao siyo A. Yani ni chakula, siyo damu.

Af una miaka 19. Tangu umevunja ungo homoni zinakuwekea mafuta kwenye hipsi na mapaja, kaka yako zake zikampa misuli, na mzani unaoupanda kila asubuhi haujui kipi mafuta, kipi misuli, kipi maji uliyokunywa usiku. Mi nisingekusema kwa ndizi, ningekusema kwa soda na chipsi za saa 4 usiku, hizo hujaniambia umeacha.

Na huyo jamaa, unga wa protini anauza yeye? Nauliza tu.

Nimempa konda wa kosta mkungu wa mshare, kesho saa 5 asubuhi uwe stendi. Nyama sijaweka.

Mama